Gitaa la Umeme la Kujitengenezea: Anza na Shingo

Anayetaka kujitengenezea gitaa la umeme kwa mara ya kwanza huanza na umbo karibu siku zote. Huchora pembe mbili, huchagua rangi, huulizia bei ya mninga, na hata jina la kuandika kichwani huwa ameshalipata. Shingo huja kufikiriwa mwishoni. Ushauri wangu wote hapa ni kuupindua mpangilio huo. Pesa yako, muda wako na utulivu wako vitangulie kwenye shingo, nati na daraja, maana hapo ndipo gitaa linapokuwa chombo cha muziki au linapobaki pambo la ukutani. Bodi husamehe mengi. Shingo haisamehe hata nusu milimita.

Ushahidi wa jambo hili ni wa zamani. Mnamo 1940 hivi, mpiga gitaa wa Marekani Les Paul alikuwa akiingia katika kiwanda cha Epiphone jijini New York siku za Jumapili, mashine zikiwa zimepumzika. Humo alichukua boriti ya paini ya inchi 4 kwa 4, akaifunga shingo, pikapu na daraja. Boriti ikalia vizuri. Nusu mbili za gitaa la kawaida alizozipachika ubavuni zilikuwa kwa ajili ya macho ya watazamaji tu. Miaka kumi baadaye Leo Fender, fundi redio wa Fullerton, California, ambaye mwenyewe hakuwa mpiga gitaa, aliingiza sokoni gitaa lenye bodi ya ubao mtupu na shingo iliyofungwa kwa skrubu nne. Aliwaza kifundi: shingo ikichakaa ifunguliwe, ifungwe nyingine. Uamuzi huo wa 1950 ndio unaokuwezesha wewe kufanya kazi hii nyumbani, kwa kuwa bodi na shingo zimekuwa kazi mbili tofauti, na hakuna anayekulazimisha kuzifanya zote kwa mpigo.

Kabla ya kushika msumeno, elewa ni nini hasa kinacholia. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, nguvu ya sumaku iliyopo hapo huvurugika, na mvurugiko huo huzaa umeme mdogo ndani ya waya. Umeme huo ndio unaokwenda kwenye amplifaya. Ndiyo maana nyuzi za nailoni hazitoi chochote kwenye gitaa la umeme, uzipige kwa nguvu upendavyo. Na ndiyo maana bodi haina kazi kubwa ya sauti hapa, tofauti na gitaa kavu ambalo boksi lake ndilo spika yake.

Basi niseme jambo ambalo wauza mbao hawatalipenda. Kwenye gitaa la umeme lenye bodi nzima isiyo na uwazi, aina ya mti ina mchango mdogo ukilinganisha na nyuzi, mahali pikapu ilipokaa, na amplifaya yenyewe. Hata gitaa la majaribio la Fender lilikuwa la paini. Chagua ubao kwa vigezo vya seremala: uwe mkavu, umenyooka, usiwe mzito kupita kiasi, na usikushinde kwa zana ulizo nazo. Paini ya Sao Hill ni laini na nyepesi, inachongeka kwa patasi ya kawaida. Ubaya wake ni kubonyea upesi. Mkangazi ni jamaa wa mahogani na unapendeza ukipakwa vanishi. Mninga ndio ninaoupenda kuliko yote kwa kazi hii, kwa sababu ukishakauka hausinyai wala haupindi ovyo. Mvule ni mti mzuri pia, ila vumbi lake huwasha na linaweza kuamsha pumu, kwa hiyo usiupige msasa bila barakoa. Mpingo uache kwa ajili ya ubao wa freti. Bodi ya gitaa ina ujazo wa lita 4 hivi: kwa mninga utapata kilo 2.5 au zaidi kidogo, kwa mpingo utakaribia kilo 5 kabla hujafunga chochote, na bega litakufa ganzi kabla dansi halijakolea.

Kwenye ukavu usilegeze kamba. Mbao nyingi zinazouzwa kando ya barabara zimepasuliwa juzijuzi na bado zina maji. Nunua ubao mnene kuliko unavyohitaji, milimita 50 au zaidi, uuweke ndani ya nyumba penye hewa na pasipo na jua, uupime kwenye mizani kila wiki, na uandike uzito kwa penseli juu ya ubao wenyewe. Uzito ukigoma kushuka kwa wiki tatu nne mfululizo, ubao umepatana na hewa ya mahali unapoishi. Aliyeko Tanga au Mombasa ajue kwamba ubao wake utatulia ukiwa na unyevu mwingi kuliko wa mwenzake wa Dodoma. Lililo la maana ni ubao kutulia pale pale ambapo gitaa litaishi. Kisha mpelekee seremala mwenye mashine ya kuranda. Pale Keko, Dar es Salaam, au mtaa wowote wa watengeneza fanicha, ni kazi ya dakika chache. Mwambie unataka milimita 45, na nyuso mbili zilizo sambamba kabisa. Usambamba huo utauhitaji sana utakapofika kwenye shimo la shingo.

Sasa shingo. Ya kwanza usiitengeneze, itafute. Makanisani, shuleni na kwenye stoo za bendi zilizovunjika kuna magitaa yaliyokufa kwa sababu ya jeki iliyong'oka au bodi iliyopasuka, na shingo zake bado nzima. Hakikisha imefungwa kwa skrubu, kwa maana zile zilizogundishwa hazitoki bila vita. Ishike kisigino, yaani mwisho wake unaofungwa kwenye bodi, kikiwa karibu na jicho, ufumbe jicho la pili, uangalie kuelekea kichwani. Iwe imenyooka, au imepinda kidogo sana kufuata upande wa nyuzi. Iliyojisokota, yaani ukingo mmoja umepanda na mwingine umeshuka, iache hata ukipewa bure. Halafu ijaribu ile fito ya chuma iliyofichwa ndani: tia ufunguo wake, uzungushe robo mzunguko huku na huku, ikubali bila kugoma. Fito hiyo ina kazi nzito. Nyuzi sita za kawaida zikikazwa sawasawa huvuta kwa nguvu ya kilo 45 hivi, karibu sawa na kuning'iniza mfuko wa saruji kichwani mwa gitaa mchana na usiku, na fito iliyokwama haiwezi kukusaidia shingo itakapoanza kuinama.

Ukishaipata, pima kutoka ukingo wa nati hadi katikati ya freti ya 12, uzidishe kwa 2. (Nati ninayoisema ni kile kipande cheupe cha mfupa au plastiki kinachozitenga nyuzi zinapotoka kichwani.) Jibu ndilo urefu wa uzi unaolia. Kwa shingo nyingi za aina ya Fender ni milimita 648. Kwa nyingi za aina ya Gibson ni 628. Liandike jibu lako mahali utakapoliona kila siku, kwa sababu kila tundu utakalotoboa kwenye bodi linalitegemea. Katika mifano inayofuata nitatumia 648.

Kisigino cha shingo ya aina ya Fender huwa na upana wa milimita 56 na unene wa 25, na shimo lake kwenye bodi huwa na kina cha 16. Vipimo hivyo ni vya kukuongoza tu. Pima kisigino ulichonacho mkononi na uchonge kwa ajili yake. Ruta ni mashine nzuri, lakini ruta mikononi mwa mgeni bila kielekezo huharibu bodi kwa sekunde moja, na vidole pia. Keekee na patasi vinatosha. Zungushia utepe kwenye ncha ya keekee kuonyesha milimita 15, toboa matundu mengi yaliyokaribiana, safisha kwa patasi, na milimita ya mwisho uiondoe taratibu kwa patasi iliyonolewa vizuri huku ukijaribisha shingo mara kwa mara. Shingo iingie kwa kusukumwa na mkono, bila nyundo. Ukiinua gitaa kwa kushika shingo pekee, kabla ya skrubu yoyote, bodi isidondoke. Na sakafu ya shimo iwe tambarare: kilima kidogo upande wa nyuma kitaiinamisha shingo, na urefu wa nyuzi juu ya freti utakataa kurekebishika.

Skrubu zihesabie kabla ya kutoboa. Bodi ina milimita 45, umeondoa 16, zimebaki 29. Skrubu ya 45 itazama shingoni milimita 16, nacho kisigino kina 25. Upo salama. Skrubu ya 60 itachomoza juu katikati ya freti. Matundu ya kwenye bodi yawe mapana kiasi cha skrubu kupita huru. Hesi zing'ate shingoni tu, la sivyo bodi na shingo hazitabanana hata ukaze namna gani. Kwenye mti mgumu, sugua hesi kwenye mshumaa kwanza. Skrubu itazama vizuri na haitakatikia ndani.

Daraja ndilo tundu la kutobolewa mwisho, na hapa naomba uende polepole kuliko mahali pengine popote. Funga shingo kwa skrubu. Chukua uzi mweusi wa kushonea, uufunge kwenye ufunguo wa uzi wa sita, upitishe kwenye mkato wake wa nati, uuvute hadi nyuma ya bodi na kuunasa kwa utepe. Fanya vivyo hivyo kwa uzi wa kwanza. Sasa una mistari miwili inayokuonyesha njia ambayo nyuzi za kweli zitapita. Tazama kuanzia freti ya kwanza hadi ya mwisho: je, kila mstari umekaa umbali ule ule kutoka ukingo wake wa shingo? Kama upande mmoja uzi unaelekea kuanguka nje ya ubao, sogeza daraja kidogo na utazame tena. Usiuamini mstari wa katikati ulioupiga kwenye ubao wakati wa kuchora umbo. Shimo la shingo likiwa limepinda kidogo tu, mstari huo umeshakuwa wa uongo. Vile vyuzi viwili havidanganyi.

Upande wa urefu, sogeza kikalio cha uzi wa kwanza (kile kipande kidogo cha daraja ambacho uzi hukalia) mbele hadi karibu na mwisho wake, kisha weka daraja mahali ambapo kikalio hicho kinaangukia milimita 648 kutoka nati. Vikalio vingine vitarudi nyuma, na cha uzi wa sita huishia milimita 3 hadi 5 nyuma zaidi. Sababu ni kwamba kidole kinapokandamiza uzi kinauvuta pia, sauti inapanda kidogo, na uzi mnene ni mkakamavu kuliko mwembamba. Kurefusha uzi kidogo huirudisha sauti mahali pake. Fundi asiyelijua hili hupanga vikalio vyote mstari mmoja, gitaa likatyunika vizuri wazi wazi na kuchukiza kuanzia freti ya tano.

Gitaa lako la pili ndilo litakalobeba shingo ya mikono yako, na huko kuna hesabu ya freti. Mpiga gitaa Luambo Makiadi, yaani Franco, utotoni Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, alipiga gitaa la kujiundia la kopo na nyaya kando ya meza ya mama yake aliyekuwa akiuza maandazi sokoni. Kopo la namna ile hulea vidole na mdundo, na halidai hesabu. Gitaa la bendi linadai, kwa sababu kando yake kuna besi, gitaa la pili, na kinanda ambacho hakina huruma na aliyetoka nje ya sauti. Muziki wetu unaliongeza uzito jambo hili. Sebene linapofunguka, mpiga solo wa rumba au dansi anahamia freti ya 9, ya 12, ya 15, na kukaa huko. Kosa la nusu milimita huko juu, karibu na freti ya 20, linapotosha sauti mara tatu ya kosa hilo hilo kwenye freti ya kwanza, maana uzi uliobaki ni mfupi.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Gawa urefu wa uzi kwa 17.817, jibu ni umbali wa freti ya kwanza kutoka nati. Toa jibu hilo kwenye urefu, gawa kilichobaki kwa 17.817 tena, upate nafasi ya pili, na kuendelea hivyo. Kwa 648 freti ya kwanza iko milimita 36.4 kutoka nati, ya pili 70.7, ya tatu 103.1, ya tano 162.5, ya saba 215.5, na ya 12 inaangukia 324 kamili, nusu ya uzi. Freti ya 12 ndiyo hakimu wako. Isipoangukia nusu, rudi kwenye daftari. Mwanamuziki wa Italia Vincenzo Galilei, baba yake Galileo, mwaka 1581 alieleza kanuni ya kugawa kwa 18, na mafundi waliifuata kwa karne nyingi. Ukiitumia kwenye 648, freti ya 12 itaangukia pungufu kwa zaidi ya milimita 2. Kwa gitaa la umeme la leo hilo halivumiliki.

Fanya hesabu kwenye karatasi, lakini kwenye ubao usipime freti moja kutoka nyingine. Kila kipimo kina kosa lake dogo, na ukipima kwa kuunganisha, makosa ishirini yanajumlishwa. Laza rula ndefu ya chuma, uifunge isisogee, sifuri ikiwa kwenye ukingo wa nati, na uweke alama zote 21 au 22 kwa mkao mmoja. Tumia ncha ya kisu badala ya penseli: mstari wa penseli una unene, mstari wa kisu una ukingo, na msumeno utaufuata ukingo huo. Mpingo ni ubao wa freti wa kifahari, na Ulaya wanaununua kutoka Tanzania na Msumbiji kwa ajili ya klarineti na oboe. Kipande kidogo kilichobaki kwa mchonga vinyago kinaweza kukutosha. Noa zana zako mara mbili zaidi ya ulivyozoea.

Turudi kwenye nati, kitu kidogo kinachowashinda wengi. Ukikuta ya plastiki imechakaa, tengeneza ya mfupa wa ng'ombe kutoka buchani: uchemshe hadi mafuta yatoke, uukaushe vizuri kwa siku kadhaa, uukate na kuupiga tupa ukiwa umevaa barakoa. Mikato ya nyuzi ndiyo kazi ya uvumilivu. Tupa maalumu za nati ni ghali, ila kipande cha uzi mzee mnene kilichozungushiwa msasa laini kinachonga mkato wa upana ule ule unaouhitaji. Mkato uteremke kidogo kuelekea kichwani, ili uzi uanzie kulia kwenye ukingo wa mbele wa nati na si katikati yake. Ili kujua kina, kandamiza uzi kati ya freti ya pili na ya tatu, kisha tazama nafasi iliyopo juu ya freti ya kwanza. Iwe ndogo sana, kiasi cha karatasi ya daftari kupita kwa taabu. Ikiwa kubwa, vidole vitauma na kila kodi ya karibu na nati itapanda sauti. Ikiwa haipo kabisa umechonga kupita kiasi; nati hiyo itupe, uanze nyingine. Mfupa ni rahisi, na buchani hawajafunga.

Kwa upande wa umeme, gitaa la kwanza liwe na pikapu moja na volyumu moja. Pikapu inunue. Kuizungusha mwenyewe kunataka waya wa milimita 0.063 na mizunguko 7,000 hadi 8,000 bila kukatika, kazi nzuri sana ya kujifunza baadaye. Kabla ya kulipa, iguse kwa mita: pikapu ya koili moja husoma kilo-ohm 5 hadi 8 hivi, na mita ikionyesha hakuna njia, waya umekatika ndani. Iliyo karibu na daraja hutoa sauti kali na iliyochanika, iliyo karibu na shingo hutoa sauti ya duara. Kwa anayependa solo ya dansi, nashauri iwe karibu na daraja, milimita 40 hivi kutoka kwenye vikalio.

Volyumu iwe ya kilo-ohm 250, yenye maandishi A250K. Ukienda kwa fundi redio atakupa ya 10K aliyoitoa kwenye redio mbovu kwa nia njema. Ikatae kwa upole, itaimeza sauti yote. Nyaya ni tatu tu za kukumbuka. Waya moto wa pikapu unaingia mguu mmoja wa pembeni wa volyumu. Mguu wa katikati unakwenda kwenye ncha ya jeki. Mguu wa pembeni uliobaki, mgongo wa volyumu, waya wa pili wa pikapu na mwili wa jeki vyote vinakutana kwenye ardhi. Volyumu ikifanya kazi kinyume, badilisha miguu ya pembeni. Mgongo wa volyumu upige msasa hadi ung'ae kabla ya kulehemu, upashe moto chuma chenyewe kwanza, kisha ndipo uiguse risasi hapo. Risasi iliyotambaa na kung'aa imeshika. Iliyojikunja tone, yenye rangi ya majivu, itaachia siku ya onyesho.

Kuna waya mmoja zaidi, na ndio unaosahaulika kuliko zote: unatoka chini ya daraja kwenda mgongoni mwa volyumu. Toboa njia yake kabla ya kufunga daraja. Kwa waya huo nyuzi zote zinaunganishwa na ardhi, na mwili wako unapozigusa, ule mngurumo wa pikapu hupungua. Ukiona mngurumo haubadiliki unapogusa nyuzi lakini unapungua unapogusa chuma cha jeki, waya wa daraja haujashika.

Hapo hapo pana hatari inayotaka kuchukuliwa kwa uzito wote. Nyuzi zako sasa zimeungana na mwili wa amplifaya. Amplifaya mbovu, iliyokatwa pini yake ya ardhi au kuchomekwa kwenye soketi isiyo na waya wa ardhi, inaweza kuupitisha umeme wa ukutani mikononi mwako. Mpiga gitaa wa Uskoti Les Harvey alikufa jukwaani huko Swansea, Wales, mwaka 1972 kwa kugusa maikrofoni isiyokuwa na ardhi salama. Hii si hadithi ya Ulaya pekee. Nyumba na kumbi nyingi za kwetu zina soketi za matundu matatu ambamo tundu la ardhi halijaunganishwa na kitu. Mwite fundi umeme apime. Wakati wa kujaribu gitaa lako nyumbani, tumia amplifaya ndogo ya betri ya volti 9. Saketi ya LM386 na spika ya redio vinatosha, fundi redio yeyote anaweza kukuundia, na hakuna umeme wa ukutani unaohusika.

Funga nyuzi, za unene wa 10 hadi 46 (kwa elfu za inchi), ukiacha gitaa bila rangi. Tyuni, uache usiku mmoja, tyuni tena. Kisha angalia mnyooko wa shingo: kandamiza uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, utazame freti ya saba. Nafasi ya milimita 0.2 hadi 0.3 ni nzuri. Ikizidi, kaza fito robo mzunguko na usubiri kesho, kwa sababu mbao hujibu taratibu. Ndipo ushughulikie vikalio. Gusa uzi kwa wepesi juu kabisa ya freti ya 12, uupige na kuuachia. Usikilize ile sauti nyembamba. Kisha kandamiza freti hiyo hiyo na kupiga. Sauti mbili ziwe moja. Ile ya kukandamiza ikiwa juu, rudisha kikalio nyuma. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Na kila ukikisogeza, tyuni upya kabla ya kusikiliza tena. Programu za bure za kutyuni kwenye simu zinatosha kabisa kwa kazi hii.

Gitaa likishatulia, mpe mtu anayepiga vizuri kukuzidi, akae nalo jioni nzima, na uandike kila anacholalamikia: ukingo wa freti unaochana kiganja, uzi unaozizima kwenye freti ya 14, bodi inayovuta kichwa chini akiachia mkono. Rekebisha yote gitaa likiwa bado mbao tupu, maana kuchonga juu ya rangi ni kuifanya kazi mara mbili. Rangi ije baada ya hapo. Fungua kila kitu, piga msasa kufuata mkondo wa mbao hadi namba 320, uzibe shimo la shingo kwa utepe ili rangi isiingie, na upake vanishi matabaka membamba ukiacha kila tabaka likauke. Rangi ya kupuliza ya laka usiipulize wakati wa masika. Unyevu hunaswa ndani yake ikabaki na ukungu mweupe. Na usirudishe daraja wala nyuzi mpaka harufu ya vanishi iishe kabisa, hata kama kidole kinakuambia imekauka, kwa sababu vanishi mbichi chini ya chuma kilichokazwa hubonyea na alama yake haitoki.